Hela ya mtoto ije na ya kutolea

Kwa miaka minne dada yangu alipanda daladala kila tarehe tano kwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuchukua matunzo ya mwanawe. Anakaa kwenye benchi na akina mama wenzake, mtoto mgongoni. Mzazi mwenzake akija anatoa noti mfukoni, afisa anahesabu, anaandika kwenye kaunta buku, dada anatia sahihi. Asipokuja, nauli imekwenda bure. Afisa yule alipohamishwa, daftari halikuonekana tena, na mwanaume akaapa kuwa hadaiwi hata senti. Dada hakuwa na karatasi ya kumpinga.

Hapa Tanzania, sheria ya zamani ilimwekea mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Siku hizi mahakama inaangalia kipato cha wazazi na gharama za maisha. Kiwango kimekua, ila njia ya kumfikishia mtoto ni ileile ya benchi na daftari.

Mimi nataka kadi. Iwe na jina la mlezi, hela iingie humo, atoe kwa wakala wa mtaani kwake, na hakimu akitaka kujua nani kalipa lini, taarifa inachapwa. Marekani, sheria ya 1996 iliyataka majimbo yawe na kitengo kimoja cha kupokea na kugawa hela hizi, na majimbo mengi sasa humwekea mzazi kwenye kadi. Lakini nyuma ya kadi zao yupo mwajiri anayekata mshahara kabla baba hajaushika. Kadi isiyoingizwa kitu haimnunulii mtoto uji.

Kukata tunajua sana. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa aliyesomeshwa chuo kwa mkopo wake, wala haimuulizi kama mwezi huu mambo magumu. Iweje deni la mwanao lisubiri mpaka upate huruma?

Asiye na mwajiri ndiye wa kufikiria zaidi. Mvuvi wa dagaa hana mwisho wa mwezi. Mbalamwezi ikikolea anakaa nchi kavu. Bodaboda anahesabu kwa siku. Ukimwambia alete laki moja tarehe tano, hata mwenye nia njema atakwama, na akikwama anaona haya, halafu anazima simu. Apewe kontro namba ya mtoto, yaani namba ya kulipia kwa simu, kama tunavyolipia faini za barabarani. Leo atume elfu mbili, kesho kutwa elfu saba, zikusanyike kwenye kadi ya mama. Naamini wapo wengi wangelipa hivyo.

Wapo wanaotaka kadi ifungwe, inunue chakula na sare tu, maana eti mama atasukia nywele. Siwaungi mkono hata kidogo. Mwenye nyumba hapokei kadi. Konda hapokei. Jirani anayebaki na mtoto mama akienda kuuza vitumbua, naye anataka hela mkononi.

Kinachonitia hofu ni makato. Tunaikumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021, ilivyolalamikiwa hadi ikapunguzwa. Mtu akitumiwa elfu hamsini bila ya kutolea, hiyo si elfu hamsini tena. Kadi hii isikatwe kitu, si kwenye kuingiza wala kwenye kutoa. Benki au kampuni ya simu itakayotaka kazi hii ikubali sharti hilo kwanza.

Mpwa wangu yuko darasa la sita sasa. Ofisi ina daftari jipya, na dada kila akitia sahihi anaomba ruhusa, analigeuzia dirishani penye mwanga, anapiga picha ukurasa mzima.