Redio ni yako, hewa si yako

Mpwa wangu alinijia na redio ya upepo aliyoagiza mtandaoni, ile ndogo ya kushika mkononi, akitaka nimsifie. Alikuwa ameshajichagulia masafa, anapiga soga na rafiki yake wa mtaa wa pili. Nikatazama kioo: 156.800. Nikamwambia aizime kwanza, maneno baadaye.

Hiyo ni chaneli 16 ya baharini. Nahodha anayezama huitia msaada hapo hapo, na sisi tunakaa Tanga, bandari iko pale chini.

"Lakini Mjomba, si nimeinunua kwa hela yangu?"

Swali zuri, na watu wazima wengi huliuliza vilevile. Kifaa ni chako, ila kuzungumza hewani kunataka leseni. Na leseni ya redio za ridhaa, yaani za mtu anayerusha mawimbi kwa hamu yake tu, kabla ya kukihusu kifaa, inamhusu mtu. Neno lenyewe "ridhaa" linapotosha. Bondia wa ridhaa si bondia dhaifu. Anapigana bila kulipwa, basi. Kanuni za Umoja wa Mawasiliano Duniani, ITU, zinaitaja huduma hii kuwa ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi, kwa hamu ya mtu binafsi, bila faida ya fedha.

Kampuni ya ulinzi ikiomba masafa hupewa yake maalumu, na vifaa vilivyokwisha kukaguliwa. Mtu wa ridhaa hupewa mikanda mizima ya masafa, ya 7 MHz, ya 14, ya 144 hadi 146, azunguke atakavyo. Katika nchi nyingi anaruhusiwa hata kulehemu mtambo wake mezani. Mtambo wa 7 MHz usiochujwa vizuri hulia pia kwenye 14 na 21, na mwenyewe hana habari. Ndiyo maana nautetea mtihani wa kupata leseni hiyo. Ukimwachia mtu uhuru wa namna hiyo, sharti ujue anaelewa anachokifanya.

Wanaonishangaza ni wanaolalamikia masharti mawili: usifanye biashara, na usifiche maana ya unachosema. Eti kwa nini dereva wa bodaboda asiitumie kupokea oda? Kwa sababu siku biashara ikiingia, mikanda hiyo itajaa oda, na mwanafunzi anayejaribu antena ya waya kwenye mwembe hatapata pa kusimama. Na mazungumzo yakiwa wazi, kila mtu anaweza kusikia kama mwenzake anavunja kanuni. Wanajichunga wenyewe. Mwenye siri zake ana simu.

Faida yake wakati wa majanga ipo, ila huwa inatiwa chumvi. Kimbunga Maria kilipoiangusha mitandao ya simu Puerto Rico mwaka 2017, watu wa ridhaa walipeleka na kupokea habari za walionusurika. Waliweza kwa sababu walikuwa wakicheza na mitambo hiyo miaka mingi siku za jua.

Ninachogombana nacho ni vikwazo visivyopima chochote. Zamani ulilazimika kujua alfabeti ya Morse, ile ya vitone na vistari, ndipo uruhusiwe chini ya 30 MHz. Mkutano wa Geneva wa 2003 ukaziachia nchi ziamue zenyewe, na Marekani ikaifuta mwaka 2007. Mimi naipenda Morse, lakini sikulia. Marekani hiyo hiyo huchapisha maswali yote ya mtihani pamoja na majibu. Daraja la kuanzia ni maswali 35, ukipata 26 umepita, hata kama una miaka tisa. Natamani tuwe na kitabu kama hicho kwa Kiswahili. Fundi redio wa sokoni anayesoma saketi kama gazeti, akipewa karatasi ya Kiingereza atafeli lugha, hatafeli umeme.

Mpwa wangu redio yake imo kabatini kwangu mpaka afanye mtihani. Kwa sasa nimemwazima kipokezi changu cha zamani, asikilize 14.100 MHz. Pale mitambo 18 ya kurusha ishara, iliyotapakaa duniani, hupokezana, kila mmoja sekunde kumi, na Kenya imo kwa alama ya 5Z4B. Kila mmoja hutaja jina kwa Morse, kisha hupiga vistari vinne: wati 100, 10, 1, na mwisho wati 0.1. Juzi usiku aliupata wa Afrika Kusini, akahesabu vistari vitatu. Tangu hapo kila jioni yuko juu ya mwembe na waya, akikitafuta cha nne.