Mpanda ngazi hushuka. Mshuka kamba je?

Kijana mmoja wa Soweto, hapa Moshi, mwongozaji msaidizi wa wageni mlimani, alikuja kijiweni na karatasi ya mchango. Juu kabisa aliandika kamba mbili za mita 60. Chini yake zikafuata hanesi nne (mikanda ya kiunoni na mapajani inayomshika mtu kwenye kamba), karabina (pete za chuma za kuunganishia vifaa), makapi, kofia ngumu na taa za kichwani. Alikuwa amefundishwa kushuka kwa kamba kwa siku tatu, akapewa cheti, na sasa anataka kuunda kikundi cha kujifunza kuingia mapango ya kwenda chini na kuokoa watu waliokwama humo. Mjomba wake, mzee aliyepanda mlima tangu enzi za viatu vya kuazima, aliisoma karatasi hadi mwisho, akauliza neno moja tu: "Pango liko wapi?"

Kijiwe kizima kilicheka, nami nikiwemo. Lakini nilipofika nyumbani swali lile halikuniacha, kwa sababu mjomba alikuwa amesema kweli na bado sikuamini kwamba amemaliza kesi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaibishania bila kuiona. Kwenye shimo refu mtu hushuka na kupanda kwa kamba moja. Juu hufungwa kwenye nanga zaidi ya moja, yaani sehemu imara za kushikilia kamba, ili moja iking'oka nyingine ishike. Kamba hupita ndani ya kifaa cha kushukia kilichofungwa kwenye hanesi, kinaibana, na mtu anateremka kwa mwendo autakao. Kurudi ndiko kwenye shughuli. Anatumia vibano viwili vyenye meno, kimoja kifuani na kingine mkononi chenye kitanzi cha kukanyagia. Anakunja miguu, anasimama kwenye kitanzi, anakaa, anakunja tena. Huko Ulaya wanauita mtindo wa chura, na ukimwona mtu akipanda hivyo huulizi kwa nini. Kushuka mita 50 ni dakika chache za raha. Kuzipanda kwa asiyezoea ni jasho la kutosha kujutia.

Na kamba ina ukabila wake. Ya wapanda miamba inanyumbulika ili impokee anayeanguka bila kumvunja. Ya mapangoni haivutiki sana, kwa sababu ikivutika kila hatua ya chura inaisugua kwenye ukingo wa jiwe, na jiwe la volkano lina makali. Ndiyo maana wenye ujuzi huifunga upya njiani, kila inapoelekea kugusa ukuta, na mpandaji lazima ajue kulivuka kila fundo akiwa ananing'inia.

Sasa swali la mjomba. Mashimo marefu ya asili huzaliwa zaidi na mawe ya chokaa: maji ya mvua yenye asidi hafifu huyala mawe hayo polepole kwa maelfu ya miaka mpaka panabaki visima vya giza. Pango la Veryovkina, kule Abkhazia kwenye milima ya Kaukazi, linazidi mita 2,200 kwenda chini. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano. Mapango ya lava hupatikana pale uso wa lava unapopoa na kuganda huku ya ndani ikiendelea kutiririka na kuacha bomba tupu, kwa hiyo kwa kawaida yanalala badala ya kusimama. Leviathan, kwenye milima ya Chyulu upande wa Kenya, ni refu zaidi ya kilomita 10, lakini ni mwendo wa kutembea na kutambaa kuliko wa kuning'inia. Mapango ya njia za mlimani kwetu, kama la Hans Meyer au la Shira, wagumu, yaani wapagazi, walikuwa wakilala humo na masufuria yao. Mahandaki ya Wachagga kule Marangu yalichimbwa kwa mikono ili watu na mifugo wajifiche wakati wa vita. Unashuka kwa ngazi. Hata Amboni ya Tanga, ambayo ni chokaa kweli, mgeni anaitembelea kwa kurunzi na viatu vizuri.

Kwa hiyo mjomba anashinda raundi ya kwanza bila kutoka jasho. Anayeota mapango ya wima akiwa Moshi atatumia nauli nyingi kuliko kamba.

Wanaomtetea kijana walijibu kwamba shimo ni shimo. Hapa mazungumzo yalibadilika sauti, kwa sababu kila mtu ana shimo analolikumbuka. Kuna Mirerani, iliyo Simanjiro lakini wachimbaji wake wengi ni vijana wa Arusha na Moshi. Mwaka 1998 mvua za El Niño zilijaza mashimo ya tanzanite na kuua watu wanaokaribia mia moja. Mwaka 2008 maji yakaingia tena na makumi wengine hawakutoka. Kuna visima vya kuchimbwa kwa mkono huku tambarare, kuna makaro, kuna vyoo vya shimo ambavyo sakafu yake imeoza. Na kuna Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, ambako wachimbaji walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Hoja yao ni kwamba anayejua kumtoa mtu pangoni anajua kumtoa kisimani.

Hoja hii inavutia, na mimi niliikubali mpaka nilipoitazama karibu. Kilichoua Mirerani ni maji. Nyangalata ni kifusi. Na kisimani, mara nyingi muuaji ni hewa. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida kiasi cha mara moja na nusu, hivyo inatulia chini kama maji yasiyoonekana. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kwenye choo kuna gesi inayonuka kama yai viza; ikizidi inaitia ganzi pua yenyewe, mtu anadhani imeondoka. Wazee wetu walikuwa wakiteremsha kibatari kwanza: kikizimika, hakuna kushuka. Ni akili nzuri kwa oksijeni iliyopungua, lakini kibatari kitawaka vizuri tu mbele ya kaboni monoksaidi ya kutosha kukulaza moja kwa moja.

Ndiyo maana mkasa wa kisima una sura ile ile kila mahali. Wa kwanza anaanguka au anazimia, kaka yake anashuka kumfuata, jirani anamfuata kaka. Sasa mpe jirani huyo hanesi nzuri na cheti cha siku tatu. Umempa nini? Umempa ujasiri wa kufika chini haraka zaidi. Sisemi kamba haifai hapo. Inafaa sana, kwa kuwa aliyeshushwa akiwa amefungwa kamba anaweza kuvutwa bila mtu wa tatu kuingia. Ila bila kipima gesi na bila mtu wa juu anayejua kuvuta, utaalamu wa pangoni unaongeza maiti. Kwenye karatasi ya mchango ya kijana, kipima gesi hakikuwepo.

Mlimani kwetu hofu nyingine haijazoeleka: hanesi yenyewe inaweza kuua. Mtu akining'inia kimya, bila kusogeza miguu, labda kwa uchovu au kwa kugongwa kichwa, damu hutuama miguuni na anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache tu. Hakuna muda wa kupiga simu mjini. Mwenzake anatakiwa apande au ashuke kwenye kamba ile ile, ahamishie uzito wa mgonjwa kwenye kifaa chake mwenyewe, na kuwateremsha wote wawili. Ni ujuzi wa mikono, kama kufunga nepi gizani, na mikono husahau. Aliyeufanya mara moja darasani na hakuurudia kwa miezi sita hana ujuzi huo tena. Ana picha zake tu kwenye simu.

Kuvuta nako kuna hesabu yake. Kwa mpangilio wa makapi unaogawa mzigo kwa tatu, mtu wa kilo 80 anavutika kwa nguvu ya kilo 27 hivi kwenye karatasi, na kwa kila mita anayopanda mnavuta mita tatu za kamba. Weka karabina badala ya makapi halisi, msuguano unakula sehemu kubwa ya faida hiyo. Ongeza fundo, nalo linapunguza nguvu ya kamba kwa robo au hata theluthi, kutegemea ni fundo gani. Kamba ya plastiki ya dukani, ile ya bluu ya kufungia mizigo, inayeyuka kwa joto dogo kuliko nailoni, na kamba ikisugua kamba huzaa joto haraka.

Kisha kuna mitumba. Wageni wakishuka mlimani huacha vitu, na hanesi au kamba huishia kwa mwongozaji au sokoni Memorial kwa bei ya kuridhisha. Koti la mtumba ukikosea unapigwa baridi. Kamba ya mtumba haina historia: huwezi kujua kama ilikaa juani miaka mingi, au ilisafirishwa buti moja na betri ya gari, na asidi ya betri inaila nailoni bila kuacha alama ya kuonekana. Watengenezaji wengi wanasema hata kamba ambayo haijatumika ikifika miaka kumi iachwe. Mimi siijui nyumba ya Moshi inayotupa kamba nzima, sembuse ambayo haijaguswa. Itafungiwa ng'ombe, na siku ya ajali ndiyo itakayokimbiliwa.

Kufika hapa msomaji ataniona niko upande wa mjomba. Lakini upande wa pili una hoja moja ambayo sijaweza kuibomoa: katika nchi nyingi uokoaji wa mapangoni haukuanzishwa na serikali, ulianzishwa na watu waliokuwa wakiingia mapangoni kwa kupenda tu. Kikundi cha Yorkshire, Uingereza, kilianza mwaka 1935 kwa namna hiyo. Mwaka 2018, watoto 12 na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang, Thailand, kulikuwa na wanajeshi wengi mlangoni. Waliowaona watoto kwanza, tarehe 2 Julai, ni wazamiaji wawili wa Uingereza: Rick Stanton, zimamoto mstaafu, na John Volanthen, mtu wa kompyuta. Walikuwa wamefanya mchezo huo miaka mingi bila kulipwa. Mzamiaji Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanamaji wa jeshi la Thailand, alikufa siku nne baadaye akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Hakukosa ushujaa, wala mafunzo ya baharini hakuyakosa, ila pango si bahari.

Zimamoto na Uokoaji wetu, wale wa 114, wana kazi ya nchi nzima na magari ya kuhesabika. Wakifika Kibosho juu kutoka mjini, barabara ya mvua ikiwa ilivyo, dakika za yule anayening'inia zimekwisha. Kuwa na watu wanane kijijini wanaojua kamba vizuri kungekuwa na maana. Nasema wanane kwa makusudi, tena ni wachache. Mjerumani Johann Westhauser alipogongwa na jiwe kichwani ndani ya pango la Riesending, kina cha kilomita moja hivi, mwezi Juni 2014, ilichukua siku 11 na watu zaidi ya 700 kumtoa. Shimo letu la mita 20 halihitaji jeshi hilo, lakini halihitaji pia shujaa mmoja mwenye cheti.

Kwa hiyo ugomvi wangu na kijana si pango liko wapi. Ni mpangilio wa kujifunza. Karatasi yake ilianza na kushuka, kwa sababu kushuka ndiko kunakopendeza kwenye picha, na alikiri mwenyewe kwamba anawaza pia kuwateremsha wageni kwenye maporomoko ya Materuni ili fedha zirudi. Ningependa aanze kinyume: kupanda kwanza, kisha kumtoa mwenzake kwenye kamba, kisha kuvuta kwa makapi, kisha gesi, na Zimamoto wa mkoa waitwe tangu siku ya kwanza ili siku ya tukio wasifukuzane mdomoni mwa shimo. Maporomoko yangoje. Na wakutane kila mwezi, hata kama ni kwenye jengo ambalo halijaisha. Wasipoweza hilo, basi fedha hizo zinunue mifuniko ya zege ya visima, ambayo haihitaji mazoezi.

Mjomba hakukataa kuchanga. Alisema atatoa bei ya kamba moja mpya, kwa sharti kwamba mpwa wake apande kwanza mgrevilea ulio nyuma ya nyumba kwa kamba ya kuazima, abadili vifaa akiwa juu, kisha ashuke.

Jumapili tukaenda kihambani kutazama. Alipanda vizuri, mita kama nane, chura kabisa. Kubadili kutoka kupanda kwenda kushuka ndiko kulikomshinda: kibano cha kifuani kilikuwa kimebeba uzito wake wote na hakuweza kukifungua, mguu ukatoka kwenye kitanzi, akaanza kuzunguka taratibu kama mbuzi wa Sikukuu. Mjomba alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hakucheka. Aliniuliza kama mimi naweza kupanda kumfuata.

Tulileta ngazi.