Hadithi ya Harley Mnaikatisha Njiani

Nimechoka na hadithi ya Harley-Davidson, kampuni ya pikipiki ya Marekani. Juzi nimetumiwa tena, safari hii ikiwa ndani ya slaidi za semina ya kuhamasisha wafanyakazi wa kiwanda cha pikipiki na skuta, na picha ya tai aliyetanua mabawa, maana bila tai ari haipandi. Mameneja, mnaijua inavyokwenda. Kampuni iko mikononi mwa AMF, kampuni kubwa iliyoinunua, pikipiki zinavuja oili, wateja wanakimbilia za Kijapani. Mwaka 1981 viongozi wake 13 wanainunua, wanawasikiliza wafanyakazi, wafanyakazi wanapata moyo, Harley inafufuka. Makofi. Mapumziko ya chai.

Si uongo, na hapo ndipo panaponiudhi. Ni kweli mafundi wa Harley walifundishwa kupima kazi yao wenyewe kwa takwimu badala ya kumsubiri mkaguzi mwisho wa laini ya kuunganishia pikipiki. Ni kweli vipuri vilipunguzwa stoo ili kasoro isipate lundo la kujifichia. Na ni kweli kwamba mwaka 1987 kampuni yenyewe iliiomba serikali ya Marekani iondoe kabla ya muda wake ule ushuru wa 1983 uliokuwa unailinda dhidi ya pikipiki kubwa kutoka nje. (Ushuru wenyewe kwenye slaidi haumo. Nadhani hauhamasishi.)

Ila maisha ya kiwanda hayakuishia 1987. Septemba 2010 wafanyakazi wa Harley wa Wisconsin, nyumbani kabisa kwa kampuni, walipiga kura juu ya mkataba wa miaka saba wakiwa wameshaambiwa kuwa wakiukataa, uzalishaji utahamishwa jimbo. Wakaukubali. Ndani yake mlikuwa na kundi jipya: watu wa kuitwa kazi ikiwepo, kwa malipo ya chini kuliko ya wenzao na bila marupurupu. York, Pennsylvania, walikuwa wameshameza dawa hiyohiyo mwishoni mwa 2009. Laini ileile, pikipiki ileile, spana ileile, binadamu wa daraja mbili. Hebu nionyesheni semina iliyowahi kuweka slaidi ya 2010.

Mimi nimekaa kwenye laini. Siandiki haya kutoka vitabuni. Kituo changu kilikuwa cha gurudumu la nyuma: ingiza ekseli, kaza nati kwa torki (nguvu ya kukazia) iliyoandikwa, weka alama ya rangi, inayofuata. Upande wa pili wa pikipiki alisimama kijana wa mkataba wa miezi mitatu. Kazi yetu ilikuwa moja na mwisho wa mwezi haukuwa mmoja. Bonasi ya uzalishaji ilikuwa ya waajiriwa wa kudumu tu. Hata kabati la kuwekea nguo yeye hakuwa nalo, begi lake lilikaa chini ya meza ya vipuri.

Kijana huyo alikuwa na jicho. Akipokea pikipiki alikuwa na tabia ya kukata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, jambo ambalo halikuwa kazi yake. Siku moja wakati wa chakula akaniambia kwamba nyaya zinazopita shingoni mwa usukani zimekazwa mno, ukikata kushoto zinavutika. Nikamuuliza, umemwambia msimamizi? Akacheka. "Kaka, mara ya kwanza nilipomwambia kitu aliniuliza nani kakuuliza. Na mimi mkataba unaisha Ijumaa. Nikisimamisha laini leo, Jumatatu wananirudisha?"

Nilikwenda kusema mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa na ajira ya kusemea. Pikipiki zilikuwa zimeshatoka nyingi. Zikaanza kurudi kwa wauzaji, taa zinazima mwendesha pikipiki akikata kona, na kiwanda kikalipa matengenezo ya bure. Kwenye kikao cha kutafuta chanzo cha tatizo tukaelezwa kwamba wafanyakazi "hawana moyo wa umiliki". Kijana mwenyewe hakuwepo kuusikia uchambuzi huo. Ijumaa ilikuwa imeshapita.

Ndiyo maana nasema mnapima kitu ambacho sicho. Mnaangalia kama watu wanachangamka, wanawahi zamu, wanaimba kauli mbiu asubuhi. Yule kijana alikuwa anawahi. Alikuwa anachangamka kuliko mimi, tena alilazimika, kwa sababu uchangamfu ndio uliokuwa unaongeza mkataba. Kilichokosekana ni neno lake. Ukimweka mtu kwenye mkataba wa kumtishia, juhudi utaipata, hofu ina juhudi nyingi sana. Habari hutaipata. Na kwenye pikipiki, chombo ambacho nati moja ya ekseli ndiyo inayomtenga mtu na lami, habari ya aliyeishika nati ina thamani kuliko wimbo wake. Kile walichokipata Harley miaka ya themanini hakikuwa tabasamu. Walipata watu wanaosema "hii haipiti" bila kuhesabu kwanza siku zilizobaki kwenye mkataba. Halafu mnakuja kutuuzia tabasamu.

Sanduku la maoni sitalizungumzia. Lina kufuli, na ufunguo haujulikani uko kwa nani.

Wataalamu wa rasilimali watu hapa huwa wanamleta Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kinachowahamasisha watu kazini. Fedha haihamasishi, Herzberg alisema. Basi someni na upande wa pili: alisema pia kwamba mshahara, usalama wa ajira na masharti ya kazi yakiwa mabaya, mtu anakasirika, na hakuna sifa wala cheti kitakachoifuta hasira hiyo. Na utafiti wake mashuhuri wa 1959 ulihoji wahandisi na wahasibu. Wahasibu! Watu wenye kiti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba usawa wa mavazi na meza ya chakula una maana yake. Honda wanajulikana kwa kuwavalisha meneja na fundi sare nyeupe zilezile, na ukiwa umevaa nguo moja na bosi wako unamfikia kirahisi zaidi. Lakini sare nyeupe haikuzuia yaliyotokea India tarehe 25 Julai 2005, pale wafanyakazi wa Honda Motorcycle and Scooter India, waliokuwa wanadai chama chao cha wafanyakazi na wenzao waliofukuzwa warudishwe, walipopigwa na polisi mjini Gurgaon huku televisheni zikionyesha. Chama wakakipata. Novemba 2019, kiwanda chao kilekile, kilichoko Manesar karibu na Gurgaon, waliokaa chini kugoma walikuwa vibarua wa mkataba, waliokuwa wanaondolewa kwa sababu soko limeshuka. Miaka kumi na nne, na mpasuko umehama tu mahali.

Najua pia usawa hauokoi kila kitu. Meriden, Uingereza, mafundi wa kampuni ya pikipiki ya Triumph walikikalia kiwanda mwaka 1973 kisifungwe, wakaja kukiendesha kama ushirika, wakaanza kwa kulipana mshahara sawa wote, na wakaendelea kuunda pikipiki yao ya Bonneville mpaka 1983 ushirika ulipokufa. Mtaji wa modeli mpya haukuwepo. Hakuna mshikamano unaochonga injini mpya bila fedha. Sawa, nimekubali.

Sasa hoja ambayo najua mnaiandaa: soko la pikipiki linapanda na kushuka kwa msimu, kiwanda kinahitaji watu wa kuongeza na kupunguza. Kweli kabisa. Lakini mbona anayebebeshwa kupanda na kushuka huko ndiye anayelipwa kidogo zaidi? Mkopeshaji akibeba hatari anadai riba zaidi, mwenye hisa anadai gawio zaidi, na hakuna anayewaambia kwamba wamekosa moyo wa umiliki. Kibarua anabeba hatari ya kiwanda kizima mgongoni na anapewa punguzo la mshahara kwa kuibeba. Australia sheria za kazi zinaligeuza jambo hili: kwa kazi nyingi, kibarua wa kuitwa anaongezewa asilimia 25 juu ya malipo ya saa, kufidia likizo na mengine anayoyakosa. Si fadhila, ni bei ya kutokuwa na uhakika.

Mlipeni hivyo yule wa upande wa pili wa pikipiki. Mpeni na kabati. Akisema nyaya zimekazwa, laini isimame mpaka mtu aje kutazama. Baada ya hapo mleteni mhamasishaji wenu na tai wake, nitakaa kiti cha mbele.