Paili kwenye mwamba uliooza: tushuke mpaka jabali au tuamini ubavu?

Kila ukianza mradi mkubwa wa daraja au jengo zito huku Masasi, Nanyumbu mpaka Nachingwea ubishi ni uleule, paili, yaani zile nguzo za zege za msingi zinazoshuka ardhini, ziishie wapi. Kuna wanaosema shuka mpaka ukutane na jabali zima, kitako cha paili kikae juu yake, hapo ndo utalala usingizi. Wengine wanasema mwamba uliooza unatosha, ubavu wa paili ukishikwa vizuri mzigo unabebwa juujuu kabla haujafika chini. Mimi niko zaidi na hawa wa pili ila kwa masharti, na shida ni kwamba masharti yenyewe ndo watu wanayaruka.

Tuanze na ardhi. Vile vilima vya mawe unavyoviona Masasi ni mwamba wa zamani sana wa jamii ya naisi, na huko bondeni kati ya kilima na kilima mwamba wa aina hiyohiyo umeoza kwa maji na joto la miaka mingi mno. Juu unakuta udongo mwekundu, chini yake kitu kama changarawe ambacho ukikifinya mkononi kinavunjika lakini bado unaiona mistari ya jiwe la asili, alafu jiwe lenye nyufa nyufa, alafu ndo jabali. Hakuna mpaka unaosema hapa udongo umeisha. Na katikati ya huo uozo yanabaki mawe makubwa mazima, mashine ya kuchoronga ikigonga moja kwenye mita 9 mtu anaandika kwenye ripoti "mwamba umefikiwa", kumbe chini ya jiwe kuna mita nyingine kadhaa za uozo laini. Sasa wewe uliyeweka imani yote kwenye kitako umeiweka juu ya jiwe linaloelea. Ndo maana ukikutana na jiwe gumu inabidi uendelee kuchoronga mita 3 mpaka 5 ndani yake ndo useme umefika.

Tuje kwenye mahesabu, chukua paili ya zege yenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 20. Eneo la ubavu ni kama mita za mraba 63, kitako hata mita 1 ya mraba hakifiki, ni 0.79 tu. Tuseme kwa mfano ubavu unashika wastani wa tani 10 kwa kila mita ya mraba na kitako kinaweza tani 300 kwa mita ya mraba, ubavu unakupa kama tani 630 na kitako kama 235. Lakini hizo namba mbili haziji kwa pamoja! Ubavu unafikia nguvu yake paili ikititia milimita chache tu, tuseme 5 mpaka 10, wakati kitako ili kitoe nguvu yake yote kinataka paili ishuke asilimia 5 mpaka 10 ya kipenyo, yaani milimita 50 mpaka 100 kwa hii yetu, na jengo gani litavumilia kushuka hivo. Kwa hiyo kwa mzigo wa kawaida wa kazi, tuseme tani 300, kitako kinakuwa bado hakijaanza kazi ya maana. Aliyewahi kung'oa muhogo kwenye ardhi kavu anajua, kinachokushinda ni udongo ulioukumbatia pembeni.

Ila wanaotaka jabali nao wana hoja nzito na hazijibiwi kwa kudharau. Ya kwanza ni mito. Kwenye mto kama Ruvuma mafuriko yanakomba mchanga kuzunguka nguzo, ule ubavu wa juu ulioupigia hesabu unabaki unaning'inia kwenye maji, kwa hiyo pale huna budi kushuka na kuhesabu ubavu ulio chini ya kina cha kukombwa tu. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika Somanga, tuliona wenyewe maji yanaweza nini. Hoja ya pili ndo inayonitisha zaidi: mwamba uliooza wenye mfinyanzi ukiuchimba leo shimo likalala na maji mpaka kesho kutwa, kuta zinalainika, na kama umetumia bentonaiti, lile tope la mfinyanzi linalojazwa shimoni kuzuia kuta zisibomoke, linaganda ukutani, zege likimwagwa linashika utelezi badala ya mwamba. Ile tani 10 niliyoitaja hapo juu inaweza kushuka vibaya sana na kwa macho huoni chochote.

Lakini angalia vizuri, hoja hii ya pili inawagusa na wao, maana shimo hilohilo lililolala ndo linajaza matope chini, na kitako kilichokaa juu ya tope kinatitia kwanza hata kama chini yake kuna jabali la ajabu. Anayetegemea kitako peke yake anaumia zaidi. Pwani ni habari nyingine, kwenye mawe ya matumbawe kuna mapango, kila paili inataka uchorongaji wake.

Kwa hiyo kwangu swali la mita ngapi linakuja baada ya haya: shimo lichimbwe na zege limwagwe bila kulala, kitako kisafishwe na kupimwa kabla nondo hazijashuka, na paili ya majaribio ibebeshwe mara 2 ya mzigo wa kazi, ikiwa na vipimo vya mkandamizo kwenye nondo kila mita chache ili tujue mzigo unaishia wapi. Jaribio ni ghali kweli, kwa jengo dogo lenye paili nne tano siwezi kumlazimisha mtu, huyo bora aongeze mita. Daraja lenye paili themanini ni kitu kingine, ukigundua kila moja inaweza kupungua mita 3 umeokoa mita 240 za uchimbaji, zege na nondo. Tatizo mikataba mingi mkandarasi analipwa kwa mita, jaribio linawekwa kama kakipengele kadogo kanakofutwa bajeti ikibana. Hicho kipengele kiwe na bei yake kamili tangu zabuni, na kisifutwe bila saini ya mhandisi aliyesanifu msingi.