Kilo 500 za Kapteni

Kila bei ya mafuta inapopanda, ofisi za mashirika ya ndege huwatupia jicho makapteni: wanajaza mafuta kupita mpango wa safari na kuichoma faida angani. Lawama hii ina hesabu ndani yake. Uzito nao hula mafuta, na kwa makadirio ya kawaida kila saa ya safari huteketeza asilimia 3 hadi 4 ya ziada yenyewe. Katika safari ya saa 10, kilo 1,000 za tahadhari hupoteza kilo 300 au zaidi kabla ndege haijafika. Kapteni anayeongeza tani kwa mazoea tu, bila kutazama hali ya hewa wala foleni inayomsubiri mbele, hana utetezi.

Ila hesabu hiyohiyo ukiipeleka kwenye safari fupi, inageuka. Kilo 500 katika safari ya saa 2 hula kama kilo 30. Ndege ya ukubwa wa Airbus A320 inayozunguka ikingoja zamu ya kutua hutumia karibu kilo 40 kwa dakika, kwa hiyo kilo 470 zinazobaki ni takriban dakika 12 za kungoja. Tuseme kukimbilia uwanja mbadala, ule wa kutua pale unapokwenda pakishindikana, na kurudi kunakula tani 2. Ziada ikiepusha tukio moja la namna hiyo katika safari 66, imeshajilipa kwa mafuta peke yake, kabla hujahesabu ada za kutua, abiria waliokosa ndege za kuunganisha, na wahudumu waliofikia kikomo cha saa zao halali za kazi.

Ofisi hujibu kwamba ziada hiyo hurudi bila kuguswa karibu kila mara. Ni kweli, na hapo ndipo rubani haeleweki. Baadhi ya mashirika hupanga akiba ya njiani kwa takwimu: kiasi kilichotosha safari 99 kati ya 100 katika njia husika. Kwa anayesoma jedwali, 99 ni karibu kamili. Kwa rubani anayeruka mara 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, safari 100 hutimia ndani ya wiki 5. Ile moja ataikuta mara kadhaa kila mwaka. Akiba hiyo ikiisha ndege haijawa hatarini, maana mafuta ya kufika uwanja mbadala na akiba ya mwisho ya kuruka dakika 30 bado yapo. Kinachoisha ni uwezo wa kuchagua. Tena siku mbaya haziji moja moja kwa kila ndege. Radi na ukungu huzikamata zote kwa pamoja. Tarehe 26 Julai 2012 dhoruba za Madrid zilizipeleka Valencia ndege 3 za Ryanair, na zote 3 zikatangaza dharura ya mafuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba kila moja iliondoka na mafuta zaidi ya yaliyotakiwa na mpango wake. Kila mpango ulitosha peke yake, ila hakuna mpango uliohesabu foleni ya wenzake.

Mafuta ni upande mmoja tu wa kubana gharama. Mwishoni mwa 1996 Qantas, shirika la ndege la Australia, ilibadili utaratibu wa kawaida wa kutua wa Boeing 747-400: flapsi, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iruke polepole, ziwe nyuzi 25 badala ya 30, na msukumo wa kinyume wa injini, unaosaidia kupunguza mwendo baada ya kutua, uachwe kwenye kiwango cha chini kabisa. Mantiki ilikuwepo. Breki za kaboni huchakaa zaidi kwa idadi ya mara zinapokanyagwa kuliko kwa nguvu ya kukanyagwa, basi kuziachia kazi kubwa zaidi hakukuonekana hasara. Tarehe 23 Septemba 1999, mjini Bangkok, mvua kubwa ikinyesha, ndege ya shirika hilo iligusa lami takriban mita 1,000 kutoka mwanzo wa njia ya kutulia. Kapteni akaagiza kupaa tena, kisha akabadili uamuzi, na katika mkanganyiko huo msukumo wa kinyume haukutumika kabisa. Matairi yakateleza juu ya maji, ndege ikapita mwisho wa njia. Wachunguzi hawakuishia kwa marubani. Walisema pia kwamba utaratibu mpya uliingizwa bila kupima vya kutosha hatari ya njia zenye maji. Hili ndilo linalowasumbua wanaoruka: kitendo ambacho mkono haukifanyi kila siku huchelewa kuja siku kinapohitajika.

Na si kwamba marubani hupinga kila kinachopunguza gharama. Kupaa kwa nguvu pungufu ya injini, ambako huzipunguzia injini uchakavu, walikwishakuzoea. Tofauti ni kwamba mipaka yake imeandikwa: punguzo lisizidi asilimia 25, njia ikiwa na theluji au maji yaliyotuama haliruhusiwi, hesabu hufanywa upya kila safari, na nguvu kamili ipo mkononi muda wote.

Kutembea ardhini kwa injini moja ili kuokoa mafuta kunahitaji mipaka ya aina hiyo. Baada ya kutua, injini nyingi hupoozwa dakika 3 kabla ya kuzimwa. Maegesho yakiwa mwendo wa dakika 4, umeokoa dakika moja tu. Kabla ya kuruka hali ni ngumu zaidi. Injini ya pili huhitaji dakika 2 hadi 5 za kupata joto, na anayeiwasha huinamisha macho kwenye vipimo wakati ndege inakaribia kuvuka njia nyingine. Palipo na foleni ndefu na lami iliyonyooka, iwashwe moja. Kwenye uwanja wenye makutano mengi, la.

Hoja kali zaidi ya ofisi ni utafiti wa 2014 uliohusisha makapteni 335 wa Virgin Atlantic. Waliopewa malengo na taarifa za mafuta yao wenyewe waliokoa, na hata wasiopewa kitu walibadilika walipojua wanapimwa. Lakini taarifa zile zilimwendea kila kapteni peke yake. Jedwali la majina na mafuta ya kila kapteni lililobandikwa chumba cha marubani lina nguvu hiyohiyo ya kubadili tabia, na litambadili pia yule aliyekuwa sahihi kuongeza kilo 500 jioni ya radi. Shirika linalotaka jedwali liandike kwanza, kwenye mstari uleule, dakika ambazo ndege za kila njia zilisubiri kwa saa ile, na gharama yote ya kila safari iliyoishia uwanja mbadala.