Mgongo Usiokubali Kulala

Mtu mwenye limfoma, yaani saratani ya matezi ya limfu, au mwenye matezi yaliyovimba bila maelezo, akilalamikia mgongo, mimi huanza kwa kumuuliza analalaje. Nimekaa wodini miaka ya kutosha kujua kwamba jibu la swali hilo hunitisha kuliko akiniambia maumivu ni tisa kwa kumi.

Mzee mmoja alinijibu, "Silali, mwanangu. Nakaa kitini mpaka kunakucha. Nikijilaza tu, ni kama mtu ananifunga mshipi kifuani anaukaza." Mgongo uliochoshwa na kazi hutulia ukiunyoosha kitandani. Wa kwake ulizidi akilala na ukazidi akikohoa. Alikuwa ameshachuliwa, ameshameza dawa za maumivu wiki tatu, na picha ya eksirei ilisomwa kwamba haina neno.

Hiyo eksirei ndiyo inayonikera. Saratani nyingi zinazofika mgongoni hula mfupa, na pingili iliyoliwa sana huonekana kwenye picha. Limfoma mara nyingi haina haja ya kubomoa ukuta. Hukua kwenye matezi yaliyo kando ya uti wa mgongo, kisha hujipenyeza kwenye vitundu vile vile inakotokea mishipa ya fahamu, ikajaa ndani kuuzunguka ugwe wa mgongo, ile kamba ya fahamu inayoshuka kutoka ubongoni. Ugwe wenyewe hauzidi unene wa kidole, na umekaa kwenye mfereji wa mfupa usiotanuka. Humo ndani ugwe hubanwa pamoja na damu inayoulisha, na mfupa hubaki mzima kabisa pichani. Kipimo cha kukimbilia ni MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata nyama laini, tena ya mgongo wote, maana sehemu iliyobanwa huweza kuwa zaidi ya moja.

Mzee alikuwa bado anatembea. Ila kandambili ya mguu wa kulia ilikuwa inamvuka njiani naye anaendelea tu, hana habari, mkewe nyuma anaiokota. Nilipomuuliza mkojo alicheka, akasema unakuja kwa shida, uzee huo. Tulipomwekea mpira wa mkojo ikatoka zaidi ya lita moja. Kibofu kilikuwa kimejaa hivyo na yeye hasikii chochote.

Anayetembea siku tiba inapoanza ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza, nafasi yake hushuka sana. Hilo husemwa kwa saratani zote, lakini kwa limfoma mimi hulisema kwa hasira, kwa sababu limfoma ni uvimbe unaoyeyuka. Hunywea kwa mionzi, hunywea kwa dawa. Mtu akipoteza miguu kwa ugonjwa wa namna hii, mara nyingi sana ni wiki zilizopotea njiani ndizo zilizomponza.

Na upasuaji? Kuna utafiti wa Patchell na wenzake uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2005, unaotajwa kila mahali: waliofanyiwa upasuaji kisha mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea, dhidi ya asilimia 57 ya waliopewa mionzi peke yake. Wanaoutaja husahau kwamba wagonjwa wa limfoma hawakuingizwa humo, kwa kuwa uvimbe wao huitikia mionzi haraka. Kwa limfoma, kisu kina kazi pale mgongo unapolegea, au kipande cha mfupa kinapousukuma ugwe, au hali inapozidi kuharibika katikati ya mionzi.

Ugumu uko kwenye steroidi. Ile tunayoitumia, deksamethasoni, kwa kawaida miligramu 16 kwa siku, hupunguza uvimbe kwenye ugwe. Kwenye limfoma hufanya zaidi ya hapo: huziua chembe za ugonjwa zenyewe. Raha iliyoje, isipokuwa kama ugonjwa bado haujapewa jina. Ukikata kinyama cha kupima maabara baada ya siku kadhaa za dawa hiyo, maabara huweza kukurudishia majibu ya chembe zilizokufa, na bila jina la limfoma huwezi kuchagua tibakemikali yake. Msimamo wangu ni huu: miguu ikiwa na nguvu na kinyama kinaweza kukatwa leo au kesho, subiri. Miguu ikianza kulegea, toa dawa sasa hivi, halafu mtafute daktari wa upasuaji hata kama ni saa nane usiku.

Watoto wenye limfoma ya Burkitt hawana hata nafasi ya mjadala huo kuwa mrefu, kwani uvimbe wao huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wengine hufika wakiwa wamebebwa, miguu imeshapooza. Tibakemikali ndiyo tiba yao, na ikiwahi, wapo wanaosimama tena.

Mzee alipewa deksamethasoni jioni ile ile, na usiku tezi la kwapani likatolewa. MRI ilionyesha ugwe umebanwa kifuani. Mionzi ilianza kesho yake, tibakemikali ikafuata majibu yalipotoka. Siku ya nne asubuhi nilimkuta amelala chali, anakoroma, nikaahirisha kumpima presha. Mpira wa mkojo ulikaa wiki kadhaa zaidi, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alipoanza kuzunguka wodini na fremu ya kutembelea, kandambili ilikuwa bado inamvuka, ila sasa alikuwa anasimama, anageuka, anairudia mwenyewe.