Kinywa Kinachonuka: Tuamini Pua au Mashine?

Mgonjwa akilalamika kuwa kinywa kinamnuka, kipimo kinachotegemewa zaidi hadi leo ni pua ya daktari wa meno. Mgonjwa anafumba mdomo kwa muda, kisha anahesabu moja hadi ishirini kwa sauti; daktari anamsogelea, ananusa na kutoa alama kuanzia 0 hadi 5. Halafu anakwangua ulimi kule nyuma kwa kijiko cha plastiki na kukinusa. Huko ambako mswaki haufiki ndiko utando hujijenga, na bakteria wake huvunja protini na kutoa gesi za salfa zinazonuka kama yai viza.

Wasioipenda njia hii wana hoja. Kunusana kunatia aibu pande zote mbili, pua huchoka, na daktari mwenye mafua hana kipimo siku hiyo. Mashine kama Halimeter hutoa namba, na namba haibishaniwi sana.

Lakini mashine hiyo hupima gesi za salfa tu. Harufu ya asetoni ya mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda vibaya itaipita hivi hivi, ilhali pua ingeshtuka. Isitoshe, dawa ya kusukutua yenye pombe huivuruga. Kwa kliniki ya kawaida, naona fedha za mashine zingefaa zaidi kwenye vifaa vya kuondoa ugaga na kutibu fizi, kwa kuwa takriban wagonjwa 8 au 9 kati ya 10 chanzo chao kimo kinywani humo humo. Wengi huwa wameshameza dawa za vidonda vya tumbo bure kabla ya mtu yeyote kuwaambia watoe ulimi nje.

Yupo mmoja tu anayenifanya nisite: yule anayeamini ananuka, na hanuki. Anaongea akiziba mdomo, anakaa mbali na wenzake, na ukimwambia huna tatizo anadhani unamstahi. Huyu namba inaweza kumtuliza. Asipotulia hata kwa namba, anahitaji mwanasaikolojia, na asiandikiwe klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria, ya kumridhisha tu: akiitumia wiki nyingi, meno yatapata madoa ya kahawia, na hapo atakuwa na sababu ya kweli ya kuziba mdomo.